Fanani Nyuma ya Kioo: Uhakiki wa Historia na Mageuzi ya Studio ya Gallo, Johannesburg

IKISIRI

Makala hii inahakiki historia na mageuzi ya studio ya kurekodia muziki ya kampuni ya Gallo, iliyoanzishwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Lengo lake ni kuonesha kwamba studio si ghala la kuhifadhia nyimbo tu, bali ni mshiriki katika kuzipa nyimbo hizo umbo. Ikiongozwa na mtazamo unaouona wimbo kama tukio la fasihi simulizi, makala inachunguza kuanzishwa kwa studio, kurekodiwa kwa wimbo “Mbube” mwaka 1939, uzalishaji wa muziki wa Waafrika chini ya siasa ya ubaguzi wa rangi, kazi ya uhifadhi iliyofanywa na Hugh Tracey, na kipindi cha mitambo ya nyimbo nyingi na kompyuta. Inajadiliwa kwamba mitambo ilibadilika upesi, ilhali mgawanyo wa mamlaka kati ya anayeimba na anayerekodi ulibadilika polepole mno. Makala inahitimisha kwamba mhakiki wa wimbo uliorekodiwa, uwe wa Kizulu au wa Kiswahili, hana budi kuisoma studio kama sehemu ya matini.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo katika lugha za Kiafrika umezoea kuanza na maneno. Mtafiti husikiliza santuri au kanda, hunukuu mashairi yake, kisha huchambua maudhui, taswira, mafumbo na matumizi ya lugha. Msanii hutajwa kwa jina, mwaka hutajwa, na pengine kampuni iliyotoa kazi hiyo. Chumba ambamo wimbo ulirekodiwa, watu waliosimama upande wa pili wa kioo, muda uliotolewa na mkataba uliotiwa saini baada ya kazi, vyote hivyo kwa kawaida huachwa nje ya uchambuzi. Huonekana kuwa ni mambo ya ufundi au ya biashara, yasiyomhusu mhakiki wa fasihi.

Historia ya studio ya Gallo inaonesha udhaifu wa mazoea hayo. Studio hii ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za kibiashara katika Afrika kusini mwa Sahara, na kwa miongo mingi kampuni yake ilitawala soko la muziki wa Afrika Kusini. Ndani yake ulirekodiwa wimbo uliozunguka dunia nzima huku mtunzi wake akifa maskini. Kwa sababu hiyo, kuihakiki studio hii ni zaidi ya kuorodhesha tarehe na majina. Ni kuuliza ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuamua kwamba wimbo umekamilika, na mamlaka hayo yalimpa haki gani.

2.0 Kiunzi cha Uhakiki

M. M. Mulokozi, katika maandishi yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anasisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa fanani, fani inayotendwa, hadhira, tukio lenyewe, mahali na wakati. Mtazamo huo umetumika sana kuchambua ngano, ngonjera, nyimbo za jando na unyago, na sherehe nyingine ambamo fanani na hadhira huonana ana kwa ana. Haujatumika kwa kiasi hichohicho kuchambua chumba cha kurekodia.

Hata hivyo, studio ni mahali pa utendaji kama vilivyo uwanja wa ngoma na baraza. Tofauti ni kwamba kila kipengele cha utendaji hupata sura nyingine. Fanani huwa zaidi ya mmoja, kwa kuwa mtayarishaji na fundi mitambo nao huamua sauti ipi isikike na ipi izamishwe. Hadhira haipo, bali hukisiwa. Tukio hurudiwa hadi lipatikane linaloridhisha. Mahali hufungwa ili sauti za nje zisipenye. Wakati hupimwa kwa urefu wa upande mmoja wa santuri. Vipengele hivi ndivyo vitakavyoongoza uhakiki katika sehemu zinazofuata.

3.0 Kutoka Duka hadi Studio

Mwaka 1926 Eric Gallo alifungua jijini Johannesburg duka lililoitwa Brunswick Gramophone House, likiuza santuri kutoka Marekani. Wakati huo Johannesburg ulikuwa mji wa migodi ya dhahabu, na wafanyakazi wa Kiafrika kutoka sehemu mbalimbali za kusini mwa Afrika walikuwa wakiishi katika mabweni ya wanaume na katika vitongoji vya mji. Muuzaji mwenye macho aliweza kuona kwamba watu hao walikuwa tayari kununua santuri zenye lugha zao, lakini santuri hizo zilikuwa chache.

Njia ya kwanza ya kujaza pengo hilo ilikuwa kuwapeleka waimbaji Ulaya. Mwaka 1930 Griffiths Motsieloa, msanii wa jukwaani aliyekuwa na elimu na sifa mjini, alisafiri hadi London kurekodi kwa niaba ya Gallo. Katika mwaka huohuo Reuben Caluza naye alikwenda London na kundi lake kurekodi kwa kampuni nyingine. Safari hizo zilikuwa za gharama kubwa, na kwa mtazamo wa utendaji zilikuwa na kasoro iliyo kubwa kuliko gharama: fanani alitengwa na hadhira yake kwa majuma ya safari ya meli. Aliimba katika mji ambao wimbo wake haukuwa na msikilizaji aliyeuelewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Gallo aliamua kujenga studio yake Johannesburg. Uamuzi huo ulimrudisha fanani karibu na watu wake, na hapana shaka ulipanua nafasi kwa waimbaji ambao wasingefika London kamwe. Lakini ulizaa pia mpangilio ambao ungedumu kwa muda mrefu. Mitaji na mitambo ilikuwa mikononi mwa Wazungu. Waimbaji walikuwa Waafrika. Kati yao alihitajika mtu wa kuziunganisha pande hizo mbili, mwenye kujua mabweni na kumbi za ngoma lakini pia mwenye kuelewa matakwa ya ofisi. Motsieloa ndiye aliyekuja kushika nafasi hiyo kama msaka vipaji na mtayarishaji, na mara nyingi hutajwa kuwa mtayarishaji wa muziki wa kwanza Mwafrika nchini humo.

Nafasi ya Motsieloa inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa katika fasihi simulizi ya jadi haina mfano kamili. Hakuwa fanani, ingawa alijua kuimba. Hakuwa hadhira, ingawa ndiye aliyekuwa msikilizaji wa kwanza. Alikuwa mwamuzi: aliamua nani aingie chumbani na nani arudi nyumbani. Kwa lugha ya fasihi andishi, alikuwa mhariri, na kama mhariri yeyote, alama zake zimo ndani ya kazi bila jina lake kuonekana katika ubeti wowote.

4.0 “Mbube”: Usomaji wa Kikao Kimoja

Mwaka 1939 Solomon Linda, kijana kutoka Msinga katika Natal, aliingia studio ya Gallo pamoja na kundi lake la Original Evening Birds. Kundi hilo lilikuwa limejipatia sifa katika mashindano ya uimbaji ya usiku yaliyofanyika miongoni mwa wafanyakazi wahamiaji. Wimbo walioimba uliitwa “Mbube”, yaani simba, na chimbuko lake lilikuwa kumbukumbu za ujana wa kuchunga ng’ombe na kuwalinda dhidi ya mnyama huyo.

Kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa na Rian Malan mwaka 2000, wimbo uliimbwa mara tatu mbele ya maikrofoni. Katika mara ya tatu, kuelekea mwishoni, Linda alipandisha sauti na kutoa kipande cha melodi ambacho hakikuwa kimeandaliwa. Kipande hicho kifupi, kilichozuka papo kwa papo, ndicho kilichokuja kuwa kiini cha wimbo unaojulikana ulimwenguni kwa jina la “The Lion Sleeps Tonight”.

Kikao hiki kikisomwa kwa vipengele vya utendaji, mambo matatu yanajitokeza. La kwanza linahusu wakati. Upande mmoja wa santuri ya enzi hiyo ulibeba takriban dakika tatu. Wimbo ambao katika mashindano ungeweza kurefushwa kadiri waimbaji na hadhira walivyopenda, ulilazimika kuwa na mwanzo na mwisho unaotosha katika kipimo hicho. Ufupi wa “Mbube” kwa hiyo haukuwa uamuzi wa kisanaa wa Linda pekee. Ulikuwa pia uamuzi wa kifaa.

La pili linahusu mahali. Uimbaji wa mabwenini uliambatana na mwili: mavazi nadhifu, safu iliyopangwa, hatua zilizopigwa kwa pamoja. Mtindo uliokuja kuitwa isicathamiya umepata jina lake kutokana na kitenzi cha Kizulu chenye maana ya kunyata. Santuri haikuweza kubeba mnyato huo. Kilichobaki ni sauti, na sauti ikalazimika kufanya peke yake kazi iliyokuwa ikifanywa na sauti na miguu kwa pamoja.

La tatu, ambalo ndilo zito zaidi, linahusu tukio. Katika mashindano, ubunifu wa papo kwa papo huishi usiku mmoja. Juma linalofuata fanani hubadilisha, huongeza, huacha. Hakuna anayeweza kuuchukua, kwa sababu haujawahi kuwa kitu cha kushikika. Ndani ya studio, kipande kilekile kilichorwa juu ya nta na kuwa kitu. Kikaweza kunakiliwa, kupakiwa, kuuzwa, kusafirishwa na kuandikishwa kwa jina la mtu. Studio iligeuza pumzi kuwa mali, na pumzi ikishakuwa mali huhitaji mwenyewe.

Mali hiyo haikubaki kwa Linda. Haki za wimbo ziliingia mikononi mwa kampuni kwa malipo yanayosimuliwa kuwa shilingi kumi tu, na Linda alifanya kazi ya kufungasha santuri katika kampuni hiyohiyo iliyouuza wimbo wake. Baadaye santuri ilimfikia Pete Seeger nchini Marekani. Yeye hakujua Kizulu. Neno lenye maana ya “wewe ni simba” akalisikia na kulinukuu kama “Wimoweh”, na kundi lake la The Weavers likautoa wimbo kwa jina hilo. Mwaka 1961 kundi la The Tokens liliutoa tena likiwa na maneno mapya ya Kiingereza, na mwaka 1994 wimbo ulisikika katika filamu ya The Lion King. Linda alikuwa amefariki mwaka 1962, na kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe.

Kosa la unukuzi la Seeger lina somo kwa mhakiki. Kwa kawaida unukuzi huchukuliwa kuwa hatua ya maandalizi inayotangulia uchambuzi. Hapa kosa la sikio moja lilizaa matini mpya yenye jina jipya, na jina jipya likawa pazia lililomficha mtunzi. Aliyelisikia neno “Wimoweh” hakuwa na njia ya kujua kwamba lilikuwa neno, sembuse kwamba lilikuwa na mwenyewe.

Mwaka 2004 warithi wa Linda walifungua kesi nchini Afrika Kusini dhidi ya kampuni ya Disney. Hoja yao ilitegemea sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyokuwa ikitumika katika himaya yake, ambayo ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hesabu hiyo haki zilikuwa zimerejea kwa familia tangu 1987. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2006, kabla ya hukumu. Warithi walipata malipo, na Linda akatambuliwa kuwa mtunzi.

Hapa inazuka pingamizi ambayo uhakiki huu hauwezi kuikwepa. Ikiwa studio ilishiriki kuupa wimbo umbo, je, kampuni haikustahili kuumiliki? Jibu linahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo historia imeyachanganya. Kushiriki katika umbo ni jambo la kisanaa: nta, dakika tatu na uamuzi wa kurudia mara ya tatu viliacha alama katika wimbo. Kumiliki ni jambo la mkataba. Kampuni haikupata wimbo kwa kuthibitisha mchango wake katika utunzi. Iliupata kwa karatasi, kutoka kwa mtu ambaye mazingira yake hayakumpa nafasi ya kukataa. Kwa hiyo kuitambua studio kama mshiriki hakumnyang’anyi Linda chochote. Kinyume chake, ni kwa kuitazama studio waziwazi ndipo inapoonekana jinsi alivyonyang’anywa.

5.0 Studio Chini ya Ubaguzi wa Rangi

Baada ya chama cha National kuingia madarakani mwaka 1948, sheria za ubaguzi zilipanga upya maisha yote ya miji. Kubomolewa kwa Sophiatown kuanzia mwaka 1955 kuliua kumbi na mitaa ambamo muziki wa mjini ulikuwa umekulia. Kadiri mahali pa utendaji wa ana kwa ana palivyopungua, studio ilizidi kuwa na uzito. Wimbo uliokosa ukumbi ulihitaji santuri, na santuri ilihitaji redio.

Redio hiyo ilikuwa ya serikali. Mwaka 1960 shirika la utangazaji, SABC, lilianzisha Radio Bantu, iliyogawanya vipindi kwa lugha: Kizulu peke yake, Kixhosa peke yake, Kisotho peke yake, na kadhalika. Mashairi ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurushwa. Siasa ilikatazwa, na hata kuchanganya lugha ndani ya wimbo mmoja kuliweza kuufanya ukataliwe. Santuri ambazo hazikutakiwa zilikwaruzwa kwa chombo chenye ncha ili zisichezeke.

Ni katika mazingira hayo Gallo ilipoanzisha tawi la muziki wa Waafrika lililoitwa Mavuthela, likiongozwa tangu 1964 na Rupert Bopape, mtayarishaji aliyetoka kampuni ya EMI. Mavuthela ilikuwa na bendi ya nyumbani, Makgona Tsohle: Marks Mankwane kwenye gitaa la solo, Joseph Makwela kwenye besi, Vivian Ngubane kwenye gitaa la ridhimu, Lucky Monama kwenye ngoma na West Nkosi kwenye saksafoni. Mbele yao waliimba Mahotella Queens, na sauti nzito ya Simon “Mahlathini” Nkabinde. Matokeo yake yalikuwa mtindo wa mbaqanga wenye besi inayosukuma, gitaa linalometa na sauti za wanawake zilizosukwa pamoja. Kwa kipimo chochote cha kisanaa, huo ni miongoni mwa mitindo mikuu ya muziki wa Kiafrika wa karne ya 20.

Uzalishaji huo ulikuwa wa kiwandani. Waimbaji walewale walitolewa kwenye santuri kwa majina tofautitofauti, na nyimbo za Mahotella Queens zilisambazwa pia kwa majina kama Dima Sisters na Izintombi Zomgqashiyo. Kwa mhakiki anayetegemea lebo ya santuri kumtambua fanani, hali hii ni onyo. Jina lililoandikwa lilikuwa la biashara, na nyuma yake aliweza kuwa mwimbaji yuleyule. Vivyo hivyo kwa jina la mtunzi. Katika tasnia nzima ya enzi hiyo lilikuwa jambo la kawaida kwa mtayarishaji kuandikishwa kama mtunzi au mtunzi mwenza wa nyimbo zilizobuniwa na waimbaji.

Athari ya redio ilifika mpaka ndani ya chumba cha kurekodia. Mtayarishaji aliyejua kwamba wimbo usiopigwa redioni hauuziki alilazimika kuwa mkaguzi wa kwanza, kabla ya mkaguzi wa serikali. Kwa hiyo, hadhira ambayo studio iliikisia haikuwa hadhira iliyopo. Mkazi wa Soweto aliishi jirani na wasemaji wa lugha nyingi na kuzichanganya kila siku. Msikilizaji aliyekusudiwa na Radio Bantu alikuwa mtu wa kabila moja na lugha moja. Wimbo uliorekodiwa kwa ajili ya msikilizaji huyo wa kubuniwa ulifika masikioni mwa msikilizaji halisi, naye akaupenda na kucheza, lakini lugha yake halisi ya mtaani haikuwamo.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba waimbaji walinyamazishwa kabisa. Fumbo, silaha kongwe ya fasihi simulizi, liliendelea kufanya kazi. Mfano unaofahamika sana katika tasnia ya Afrika Kusini ya miaka ya 1980 ni wimbo wa Sello “Chicco” Twala wa mwaka 1987, “We Miss You Manelo”, ambamo jina la Manelo lilisimama badala ya Mandela. Hadhira ililifumbua fumbo bila kuelezwa. Hapo mwingiliano wa fanani na hadhira, ambao studio na redio vilikuwa vimeukata, uliunganishwa tena juu ya vichwa vya wakaguzi.

6.0 Hoja ya Uhifadhi

Utetezi wenye nguvu zaidi wa studio ni kwamba bila yake nyimbo nyingi zingepotea. Hoja hii inajidhihirisha katika kazi ya Hugh Tracey. Kuanzia miaka ya 1940 Gallo ilifadhili utafiti wake wa muziki wa Kiafrika, na mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ILAM, ambayo baada ya kifo chake ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes. Alisafiri na mitambo yake kusini, kati na mashariki mwa Afrika, zikiwemo Tanganyika, Kenya na Uganda, akirekodi vijijini. Mfululizo wa Sound of Africa uliotokana na safari zake una santuri zaidi ya 200.

Mwaka 1952, huko Jadotville katika Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi, Tracey alimrekodi mpiga gitaa kijana, Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga. Wimbo wake “Masanga” ulitolewa na Gallo, ukasikika mbali na nyumbani kwake na kuathiri wapiga gitaa wa maeneo mengi, Afrika Mashariki ikiwemo. Kwa hiyo historia ya studio ya Johannesburg inagusa moja kwa moja historia ya wimbo wa Kiswahili. Mtafiti wa Kiswahili anayesikiliza “Masanga” leo anadaiwa shukrani na kampuni ileile iliyompa Linda shilingi kumi.

Deni hilo linapaswa kukubaliwa, lakini lisifute maswali. Tracey naye alichagua. Alitafuta muziki alioamini kuwa ni halisi na hakuvutiwa sana na ule alioona umeharibiwa na mji. Alirekodi vipande vilivyotosha katika upande wa santuri, hivyo ngoma iliyochezwa usiku kucha ilibaki dakika chache. Studio iliyokuwa juu ya gari haikuwa na kuta, lakini ilikuwa na kipimo chake cha wakati, mahali pake pa kuweka maikrofoni, na mtu mmoja aliyeamua kipi kianze na kipi kikome. Uhifadhi ni tendo jema. Si tendo lisilo na mtendaji.

7.0 Kutoka Utepe hadi Kompyuta

Utepe wa sumaku, na baadaye mitambo ya kurekodi nyimbo nyingi kwa pamoja, vilibadili tena maana ya tukio. Katika enzi ya nta, waimbaji wote walilazimika kuwa chumbani kwa wakati mmoja. Katika enzi mpya kila sauti iliweza kurekodiwa peke yake kwa siku tofauti, na wimbo ukaungwa baadaye mezani kwa fundi. Utendaji ambao msikilizaji aliusikia haukuwa umetokea mahali popote wala wakati wowote.

Kikundi kilichoonekana kuukaidi mkondo huo ni Ladysmith Black Mambazo cha Joseph Shabalala, ambacho albamu yake ya kwanza, Amabutho, ilitolewa mwaka 1973 ikitayarishwa na West Nkosi. Nguvu ya kundi hilo ilitokana na kupumua pamoja. Baada ya kushiriki katika albamu ya Paul Simon ya mwaka 1986, Graceland, sauti hiyo ilifika kila pembe ya dunia. Sehemu kubwa ya msingi wa Graceland ilirekodiwa Johannesburg mwaka 1985, katika studio ya Ovation, wakati ulimwengu ulikuwa umeisusia Afrika Kusini kiutamaduni. Mjadala uliozuka wakati huo ulirudia swali la 1939 kwa sura mpya: waimbaji wa Kiafrika walikuwa washirika wa utunzi, au malighafi?

Uchambuzi wa kina zaidi wa hali ya ndani ya studio za Johannesburg umetolewa na Louise Meintjes katika kitabu chake cha mwaka 2003, Sound of Africa!, kinachotokana na utafiti alioufanya Downtown Studios mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kundi analolifuatilia, Isigqi Sesimanje, lilitayarishwa na West Nkosi yuleyule wa Makgona Tsohle. Meintjes anaonesha jinsi fundi Mzungu, mtayarishaji Mwafrika na waimbaji wanawake walivyovutana kila dakika juu ya sauti iliyopaswa kuitwa ya Kizulu. Ubora wa kitabu hicho ni kwamba kinalitazama chumba chenyewe kama mahali pa siasa. Kinachoonekana wazi humo ni kwamba mwaka mmoja baada ya Mandela kutoka gerezani, nafasi za watu studioni zilikuwa bado zinafanana na zile za enzi za Motsieloa: mwimbaji nyuma ya kioo, mtayarishaji katikati, fundi mbele ya mitambo.

Kompyuta imevunja kioo hicho kwa kiasi. Kwaito ya miaka ya 1990, na baadaye amapiano iliyozuka katika vitongoji vya Gauteng, zimeonesha kwamba kijana mwenye programu ya muziki anaweza kuwa fanani, mtayarishaji na fundi kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu 1926, studio imeingia chumbani kwa mwimbaji badala ya mwimbaji kuingia studio. Lakini lango limehama, halikuondoka. Wimbo unaotengenezwa chumbani bado hupita kwenye mikataba ya usambazaji ili umfikie msikilizaji, na kijana anayesaini kwa haraka leo hana tofauti kubwa na Linda.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba kila hatua ya mageuzi ya studio ya Gallo na warithi wake ilibadili kipengele fulani cha utendaji. Nta iliugandisha ubunifu wa papo kwa papo. Redio iliibuni hadhira isiyokuwepo. Majina ya biashara yalimficha fanani. Mitambo ya nyimbo nyingi ililivunja tukio vipande vipande. Mabadiliko hayo hayakuua sanaa, na “Mbube”, “Masanga” na nyimbo za Mahotella Queens ni ushahidi kwamba ndani ya mipaka hiyo ulizaliwa uzuri usiokanushika. Kosa ni kuufurahia uzuri huo kana kwamba haukuwa na mipaka.

Kwa uhakiki wa nyimbo za Kiswahili, somo ni la kiutendaji. Mwanafunzi anayenukuu mashairi ya taarabu, ya muziki wa dansi au ya bongo fleva anapaswa kuuliza, pamoja na maswali ya maudhui na fani, nani aliyekuwa upande wa pili wa kioo, muda ulikuwa kiasi gani, hadhira ipi ilikisiwa, na jina la nani liliandikwa kwenye mkataba. Maswali hayo si nyongeza ya kihistoria ya kuwekwa katika sura ya pili ya tasnifu. Yanahusu matini yenyewe. Kati ya 1962 na 2006 ilipita miaka 44 ambamo dunia iliuimba wimbo wa Solomon Linda bila kulijua jina lake. Muda wote huo maneno ya wimbo yalikuwepo kwa yeyote aliyetaka kuyachambua.